Viti vya Kijani vya Mtaa Mzima

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, ila kaka yako ana mafua na anayaugua kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kupiga chafya kabla yake.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya ofisini inasikilizwa na kila mwenye masikio, na ya nyumbani inasikilizwa na kaka yako. Haya nataka tuongee wenyewe, mawifi wawili. Barua nampa yule kondakta uliyemshonea suruali. Anasema haijafumuka mpaka leo.

Unajua nilihamishwa kitengo. Sasa niko kwenye mpango mpya. Kuna kaya zitapewa pesa kila mwezi kwa miaka miwili. Si mkopo, si vifaranga, si semina yenye soda na kalamu. Ni pesa, basi, na mwenye kuipata hataulizwa ameifanyia nini. Ila mfuko hautoshi watu wote, kwa hiyo watapewa maskini tu. Karani anaingia nyumba kwa nyumba, anauliza maswali, anapiga picha pale wanapokaa watu, na kila kitu kinapewa alama: paa, sakafu, viti, redio. Alama zikivuka kiwango, kaya inatoka. Mimi kazi yangu ni kuzipitia picha na majibu kuona kama vinaongea lugha moja.

Mtaa wenu umo. Nilimwambia mkuu wangu siku hiyo hiyo kwamba wifi yangu anakaa pale. Akasema sawa, ila nyumba yako nisiiguse, ikifika mezani nimpe mwenzangu.

Sasa mimi usiku silali kwa maswali. Maskini ni nani hasa? Huko kwenu ungemwonyesha nani? Na mtu akipewa pesa isiyo na masharti, ataifanyia nini? Hapa ofisini nusu wanasema watainywa, nusu wanasema watajenga. Wote wanaongea wakiwa wameshiba.

Kaka yako hajabadilisha wimbo. Tangu marehemu mume wako alipotutoka ni ule ule: "Siku nikisikia dada yangu ameshindwa maisha, nakwenda na lori, nambeba na cherehani yake, akae hapa kwangu." Mimi namwambia dada yako ana viti vizuri kuliko vyetu. Vile vya kijani ulivyonikalisha siku nilipoletwa kwenu bado navikumbuka.

Nijibu upesi.

Wifi yako wa ofisini

*

Tarehe 12 Februari

Wifi,

Barua imefika ikiwa na alama ya dole gumba lenye mafuta. Kondakta alikuwa anakula, na sijui kama hakuisoma. Mpe kaka pole, anywe maji ya moto aache kudeka.

Umeuliza nani maskini huku. Wewe! Uliza swali hilo hapa mtaani utabaki umesimama peke yako. Hapa hakuna maskini. Kuna watu ambao mwezi umewakalia vibaya. Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, anafua nguo za watu, na siku nyingine pacha wake wanalala na uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Lakini mwite maskini uone kama hakukurushia beseni. Bwana Betri wa pale kona, mtengeneza redio, anaweza kumaliza wiki mbili bila mteja, na kila asubuhi shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Ukiwauliza maskini wako wapi watakuelekeza mtaa wa pili. Nenda mtaa wa pili, watakurudisha kwetu.

Na mimi nina yangu ya kuuliza. Huyo anayetoa pesa bila kuuliza inakwenda wapi, anataka nini? Mimi sijawahi kupewa hata sindano bila kuambiwa niirudishe. Na kama kweli haulizi, mbona anatuma mtu kuja kuchungulia viti?

Ningefanya nini mimi? Kazi ipo, namshukuru Mungu, sare za shule zinakaribia. Lakini tuseme ni mtu kama mimi, asiye na kazi nyingi. Angenunua kitambaa jora zima. Anayenunua mita mbili leo na mita mbili kesho anakuja kulipa jora na nusu. Asiye nacho ndiye anayenunua ghali, wifi, hilo mliandike huko.

Mgeni wenu tunamsubiri. Mjumbe ametutangazia siku yake, na wanawake tumeshakaa kikao. Usiwe na wasiwasi, hatakaa chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wifi yako,
Fundi

*

Tarehe 9 Machi

Wifi yangu,

Nina jambo sijui nicheke au nilie.

Picha za mtaa wenu zimefika. Nimezipanga mezani kama karata. Nyumba ya kwanza: viti vinne vya kijani na meza ndogo ya kioo. Nikasema, haya, watu wanajitahidi. Nyumba ya pili: viti vinne vya kijani na meza ndogo ya kioo. Ya tatu hivyo hivyo. Kwa Mama Pacha ukuta una ufa wa kupitisha mkono, na mbele ya ufa huo kuna viti vya waziri. Mpaka mwisho wa mtaa, kila nyumba.

Mkuu wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Akasema karani amekaa nyumba moja, akapiga picha zote humo, mengine akajitungia. Nikamwonyesha kwamba kuta ni tofauti na watu ni tofauti. Akasema, "Basi karani anatembea na viti!" Hakuwa anatania. Karani amesimamishwa. Ni mama mtu mzima, mpole, ana watoto watatu wanaomtegemea, na akiulizwa anasema tu, "Nilikuta viti, nikaandika viti."

Na viti vina alama nyingi, wifi. Kwa karatasi zetu mtaa wenu una hali nzuri kuliko mtaa ninaokaa mimi. Mtaa mzima umetoka. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi, na ikifungwa haifunguliwi tena mpaka miaka miwili ipite.

Nyumba yako sikuiona, alipewa mwenzangu kama nilivyoagizwa. Lakini hizo nilizoziona zinanitosha. Si vile viti vyako hivi? Umeviuza? Kuna duka lilipunguza bei huko? Nieleze, kwa sababu nikikaa navitazama tu nitaanza kuamini kweli vinatembea.

Wifi yako

*

Tarehe 14 Machi

Wifi,

Salamu. Viti ni viti. Seremala mmoja anaweza kutengeneza viti vingi vinavyofanana, na kijani ni rangi isiyoshika uchafu. Sioni ajabu.

Huyo karani alikuja vizuri akaondoka vizuri. Alitusalimia watu wote, hata vichaa. Atafanywa nini?

Nina kazi nyingi siku hizi, siwezi kuandika sana. Msalimie kaka. Mwambie mimi ni mzima na nyumba ni nzima.

Fundi

*

Tarehe 19 Machi

Wifi,

Barua yako ya mistari sita nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Wewe mtu wa maneno, leo seremala amekumalizia maneno?

Nilichukua kioo cha kukuzia nikarudi kwenye picha. Mkono wa kiti kimoja una kiraka cha kahawia. Kiko kwa Bwana Betri, kiko kwa Mama Pacha, kiko kila mahali. Kiraka hicho nakijua. Siku nilipoletwa kwenu nilikaa kwenye kiti hicho hicho, na kwa woga nikawa nakichokonoa kwa ukucha, mpaka ukanishika mkono ukaniambia, "Bibi harusi, utanifumulia kazi." Mishono ile midogo ni yako. Hakuna seremala anayeshona hivyo.

Umeuliza karani atafanywa nini. Atafukuzwa, tena kwa kosa la udanganyifu, ili asipate kazi kama hii popote. Na Mama Pacha ataendelea na uji wake. Haya yote kwa sababu ya viti vinne.

Sipendi kazi ya kukata watu kwa alama, nakwambia ukweli. Nilimuuliza mkuu wangu kwa nini tusiwape wote, tuache kuchungulia. Akanionyesha hesabu: ukigawa mfuko huu kwa kila mtu katika wilaya, kila mmoja anapata ya kununulia chumvi. Ukiwapa wachache, inawafikisha mahali. Hesabu naielewa. Lakini kumchagua mtu kwa kiti alichokalia, hapo bado moyo unakataa.

Niambie, wifi. Kama kuna la kumficha mume wangu, nitalificha. Nimeficha makubwa zaidi, siku moja nitakusimulia bei ya lile kabati.

Wifi yako

*

Tarehe 25 Machi

Wifi yangu,

Umenibana. Haya, kaa vizuri, lakini usikae kwenye kiti cha kijani.

Viti si vyangu. Havijawahi kuwa vyangu hata siku moja. Ni vya mtaa. Zamani walikuja wazee kumposa binti wa nyumba ya mwisho, tukawakalisha kwenye ndoo tulizozipindua, na mmoja mnene akaenda chali miguu juu, wazee wakaondoka na posa yao. Tuliona aibu mtaa mzima. Tukachangishana tukanunua viti vya familia moja iliyokuwa inahama. Vinakaa kwa Bwana Betri kwa sababu paa lake halivuji. Kwako akija mgeni, unatuma mtu, vinaletwa. Akiondoka vinarudi. Viraka ni mimi, bure, ndio mchango wangu. Hata mlipokuja wewe na kaka, viliwahi kufika dakika chache kabla yenu, na Mama Pacha alikuwa amejificha jikoni kwangu anahema.

Sasa tukatangaziwa mgeni, tena wa ofisi. Tungemkalisha kwenye ndoo? Hakuna aliyesema tudanganye. Wala hatukufikiria kwamba viti vinahesabiwa! Uliniandikia, ni kweli, na mimi nikasoma, lakini kichwani kwangu kuchungulia viti ni kuona kama vipo vya kukalia. Tulitaka tu akae vizuri.

Ungeona kazi ya kuvihamisha. Karani akitoka nyumba moja, Bwana Betri anamshika njiani kwa salamu. Bwana Betri akikusalimia anaanza na babu yako. Huku nyuma ya nyumba viti vinakimbia vichwani mwa wanawake, na meza ya kioo kaibeba mzee mmoja kama mtoto mchanga. Kwenye nyumba ya saba karani akaguna, "Jamani, mtaa huu mnapenda kijani!" Mama Pacha akatoka nje kwenda kucheka. Alipofika kwangu viti vilikuwa bado vya moto.

Basi mimi ndani kwangu nina mkeka, kigoda, kitanda na cherehani. Ndivyo ilivyo tangu marehemu afe. Kazi ninayosema ipo, haipo sana. Januari yote nilishona mapazia mawili.

Unajua kwa nini nimeficha. Kaka lile lori alilileta kweli, mwaka ule ulipokuwa umekwenda kujifungua kwa mama yako. Hakukwambia? Alifika na dereva na kamba. Nikamkalisha kwenye kiti cha kijani, nikampa chai. Akatazama huku na huku, akasema, "Kumbe uko vizuri," akaondoka na lori tupu. Kaka ananipenda, najua. Lakini nikienda kwake nitakuwa shangazi wa chumba cha nyuma, anayeshonea wenye nyumba vifungo na kuulizwa kama amekula. Hapa mimi ni Fundi. Watu wananigongea mlango wakinitaka mimi. Wifi, hicho ndicho nilicho nacho, sina kingine.

Mwonyeshe mkuu wako barua hii. Karani yule asifukuzwe kwa heshima tuliyompa sisi. Na wale pacha wapate kula. Ila kaka asijue, nakuomba. Akijua, mimi sina tena kiti cha kumkalisha.

Fundi

*

Tarehe 29 Machi

Wifi,

Haraka haraka, basi linaondoka. Mkuu alisoma, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akairudia kuisoma. Mwisho akasema, "Na mitaa mingine je? Wangapi tumewatoa kwa sababu walitutandikia?" Sasa na yeye halali, tumekuwa wawili.

Karani amerudishwa kazini, na kufungwa kwa orodha kumesogezwa mbele mwezi mmoja. Atakuja tena kwenu, na safari hii hatatangazwa. Ameagizwa akae pale wenyewe wanapokaa.

Kaka yako sijamwambia. Aliniuliza mbona nacheka peke yangu, nikasema nimekumbuka kitu.

Wifi yako

*

Tarehe 13 Aprili

Wifi,

Amekuja. Hakuna aliyejua. Nilimwona mlangoni, mdomo umejaa pini, mkeka umejaa vipande vya nguo, na mimi nimevaa kanga ya kufanyia usafi.

Mkono uliniruka wenyewe kutaka kumtuma mtu kwa Bwana Betri. Nikaushika. Nilisikia aibu, wifi, aibu ya kweli, masikio yananiwaka. Karani akavua viatu, akasogeza vipande, akakaa kwenye mkeka akakunja miguu. Akasema, "Fundi, mgongo wangu unakushukuru. Vile viti vina spring inayochoma." Tukacheka mpaka maswali yake yakachelewa.

Aliuliza kila kitu. Nimekula mara ngapi jana, nikamwambia. Cherehani ni yako? Nikasema ni yangu, niliachiwa na mama. Inafanya kazi? Nikaikanyaga asikie. Aliniangalia akataka kusema kitu, asiseme, akaandika.

Mama Pacha alimpokea na povu mikononi. Akamwambia, "Niandike ninavyoonekana, na ukimwambia mtu nitakukana." Karani kakaa kwenye ndoo. Hakuanguka.

Fundi

*

Tarehe 6 Mei

Wifi yangu,

Orodha imetoka. Mtaa wako umeingia. Mama Pacha ameingia, Bwana Betri ameingia, viti vya mtaa havikuhesabiwa kwake, nyumba ya mwisho imeingia. Nyumba moja tu imebaki nje.

Ni yako.

Cherehani ndiyo iliyokutoa. Chombo cha kazi kinachofanya kazi kina alama nyingi kuliko hata viti, na wewe umevuka kiwango kwa alama moja. Alama moja! Ungesema mbovu, ungesema ya kuazima, ungekuwa ndani. Mwenzangu ndiye aliyeipitia, mimi nimeiona ikiwa imeshafungwa. Nilikwenda kwa mkuu nikapiga meza, mimi, ninayeogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Akaniambia kiwango kikipindishwa kwa wifi ya mtu, kesho kitapindishwa kwa shemeji, na kesho kutwa mpango wote utakuwa wa mashemeji. Amesema kweli, na nimemchukia kwa ukweli huo. Nimelia chooni, nimerudi mezani na macho mekundu.

Kuna jingine. Niliporudi nyumbani kaka yako aliona macho. Nikashindwa, wifi. Nilimpa barua yako ya viti aisome. Alipofika kwenye chai na lori tupu alifunika uso kwa mkono. Kisha akaanza kutafuta namba ya mwenye lori.

Nimevunja ahadi, nisamehe. Nimemzuia kwa muda, nimemwambia lori ni bovu. Lakini anauliza kila jioni, na mimi sijui nimwambie nini. Na ofisini natakiwa kuandika maoni: mpango uendelee kuchagua watu namna hii au la? Kalamu imekauka. Nikikuona wewe nataka kuandika la. Nikimwona Mama Pacha nataka kuandika ndiyo.

Wifi yako

*

Tarehe 20 Julai

Wifi yangu,

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikaona nikishona kwa hasira nyuzi zinakatika, nikaacha.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione. Siku ya malipo ya kwanza simu zililia mtaa mzima, ukuta kwa ukuta, na yangu ikawa imenyamaza kama jiwe. Nilifunga mlango. Niliona wivu, sikufichi, wivu wa mtoto aliyekosa peremende. Mimi ndiye niliyesema ukweli kwa ajili ya wote, halafu ukweli ukanipita.

Asubuhi yake mlango ukagongwa. Mama Pacha, na kitambaa mkononi. Sare za pacha, mbili mbili, na kalipa kabla sijashika mkasi. Tangu tujuane hajawahi kushona kwangu kitu kipya, ni kupunguza na kuongeza tu. Nyuma yake nyumba ya mwisho, mapazia. Nyuma yake Bwana Betri, shati la pili, eti lile la kwanza linataka likizo. Malipo ya pili yalipotoka nikanunua jora zima. Cherehani haijapoa mpaka leo, wifi. Ile ile iliyonitoa.

Usiandike kwamba kila kitu ni kizuri. Kuna mume mmoja hapa pesa ya kwanza aliimaliza kilabuni, na mke wake sasa analala na simu chini ya mto. Mtaa wa pili hawatusalimii, wanasema tulitoa kitu kidogo tukaandikwa. Na mimi nilipona kwa bahati ya kazi yangu. Ningekuwa mgonjwa au ningekuwa muuza barafu, watu wangenipita na pesa zao, na cherehani ikabaki kunihesabia alama.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: Mama Pacha asinyang'anywe. Mfuko ukiongezeka, usogezeni ule mstari wa kiwango mpaka umshike na mwenye cherehani, maana mstari wenu ulipita kwenye ukuta wa udongo ambao mtu akigeuka kitandani upande huu, upande ule wanasikia. Na mkija kutazama nyumba ya mtu, njooni kama alivyokuja karani mara ya pili. Hayo mengine yapeleke kwa wenye hesabu.

Kaka nimemwandikia kikaratasi, kimo humu, lakini ukisome kwanza. Nimemwambia hivi: "Kaka, nimepimwa na ofisi ya mkeo, kwa karatasi na picha, na wamethibitisha kwamba mimi si maskini. Ofisi nzima imeshindwa kunifanya maskini. Lori la nini?" Akibisha, mwonyeshe orodha yenu yenye muhuri.

Na hili ndilo nililokuwa nasubiri kukwambia. Juma lililopita wanawake walikaa kikao kuhusu vile viti. Wamechangishana kitambaa kipya, kijani hicho hicho, na sponji, na hata spring inayochoma itang'olewa. Wakaja kwangu, wakasimama mlangoni, Mama Pacha akasema, "Fundi, bei gani?" Miaka yote navitia viraka, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilisahau hata bei yangu. Ilibidi niwaambie waje kesho.

Nimevimaliza jana. Vinang'aa, vimerudi kwa Bwana Betri, na mgeni yeyote akija vitamkimbilia kama kawaida.

Wewe ukija mwezi ujao na kaka, sitaviagiza. Nimekuwa nikikukalisha huko juu muda wote huu kama mtu wa kupita. Safari hii vua viatu mlangoni, sogeza vipande, ukae mkekani. Na uje na kucha zako, kuna nyuzi nyingi za kufumua.

Wifi yako,
Fundi